Tamthilia za kifalme: mwandishi aruhusiwe kutunga mpaka wapi?

Msoma Nyaraka

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa rohoni kuhusu hizi tamthilia za wafalme na malkia, leo nalitua.

Kwanza ieleweke kwamba sina ugomvi na utunzi. Malkia Elizabeth II alipokuwa akiongea na mumewe usiku, nani alikuwemo chumbani? Hakuna. Mwandishi anayetaka kutuingiza humo ni lazima atunge, na mimi nitatazama kwa raha zangu. Ugomvi wangu ni na uongo wa aina moja tu, ule unaomtwisha mtu halisi lawama isiyo yake.

Chukueni The Crown, ile tamthilia ya Netflix ya maisha ya Elizabeth II, msimu wa 2, sehemu ya 9. Philip, atakayekuja kuwa mume wa Malkia, ni kijana katika shule ya Gordonstoun kule Uskoti. Anampiga mwenzake, ananyimwa likizo, na kwa sababu hiyo dada yake Cecilie anabadili mipango na kupanda ndege kwenda London. Ndege inaanguka. Kwenye msiba baba yao anamwambia kijana, mbele ya waombolezaji, kwamba yeye ndiye chanzo cha kifo hicho.

Ajali ni ya kweli. Ilitokea tarehe 16 Novemba 1937 karibu na Ostend, Ubelgiji. Kulikuwa na ukungu, ndege ikagonga bomba la moshi la kiwanda. Cecilie alikufa akiwa mjamzito, na pamoja naye mumewe, mama mkwe wake na wanawe wawili wadogo. Philip alikuwa na miaka 16. Ila safari ile haikumhusu hata chembe. Walikuwa wanakwenda London kwenye harusi ya shemeji yake Cecilie, na kwenda harusini ulikuwa mpango tangu mwanzo. Hakuna adhabu ya shule iliyomtia mtu kwenye ile ndege.

Msimu huo ulitoka Desemba 2017. Philip alikuwa hai, ana miaka 96. Mzee wa umri huo anaambiwa mbele ya dunia nzima kwamba utukutu wake ndio uliomzika dada yake.

Sasa pimeni na tukio jingine la tamthilia hiyo hiyo, msimu wa 4. Lord Mountbatten, mjomba wa Philip, anauawa na IRA, wapiganaji wa Ireland, tarehe 27 Agosti 1979, kisha Charles, mwana wa Malkia, anapokea barua ambayo marehemu aliiandika muda mfupi kabla ya kufa, akimkaripia kwa mwenendo wake. Barua hiyo haikuwepo. Peter Morgan, aliyebuni tamthilia, amekiri wazi kwamba aliitunga. Lakini huko nyuma Mountbatten kweli aliwahi kumwandikia Charles kumwonya asije akateleza kama Edward VIII, mfalme aliyeacha taji mwaka 1936, alivyoteleza. Yaani wazo ni lake, karatasi ndiyo ya kubuni. Hiyo mimi naimeza. Ile ya Cecilie imenikwama kooni.

Nyie mpaka wenu uko wapi? Wale wa "ni maigizo tu" mnakaribishwa, ila njooni na hoja.

Shabiki Sugu

Nimefika mkuu, ndiyo mimi wa "ni maigizo tu" 😂

Tatizo lenu mnakaa mbele ya runinga kama wasimamizi wa mtihani. Mimi Aberfan nilikuwa sijawahi hata kuisikia. Nikaangalia msimu wa 3, nikaona lundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe linaporomoka juu ya shule ya watoto, nikashika simu usiku ule ule kutafuta habari zake. Tarehe 21 Oktoba 1966, Wales, watu 144 wamekufa, 116 kati yao watoto. Malkia alikaa siku 8 ndipo akaenda. Hayo yote nimeyajua kwa sababu ya "waongo" wenu. Kitabu cha historia kingenipata wapi mimi?

Halafu Shakespeare je? Naye tumfunge?

Bi Sindano

Mimi wa mavazi, mtanisamehe, nitaongelea ninachokijua.

Kila tamthilia ya kifalme ina ile picha ya binti ameshika nguzo ya kitanda, mtumishi anamkaza koseti mpaka anakosa pumzi, na koseti yenyewe imekaa juu ya ngozi tupu. Jamani! Chini yake kulikuwa na shimizi ya kitani. Ndiyo iliyokuwa ikifuliwa, ili jasho lisifike kwenye vazi la gharama. Hakuna mwanamke mwenye akili aliyevaa ule mzigo bila kitu chini miaka yote hiyo, angechubuka.

Na nywele. Mke wa mtu wa karne ya 16, tena wa ikulu, anatembea nywele zimemwagika mgongoni kama yuko ufukweni. Zilikuwa zinafungwa na kufunikwa. Wanaotengeneza wanalijua hili vizuri, washauri wa historia wanalipwa kulisema. Wanaacha makusudi, kwa sababu mtazamaji wa leo akiona nywele zimefunguliwa anasoma "huyu ni mwanamke huru", akiona kilemba anasoma "huyu mnyonge".

Msoma Nyaraka, kwa kipimo chako hapa hakuna aliyesingiziwa, si ndiyo? Lakini mimi naumia.

Msoma Nyaraka

Bi Sindano, umia tu dada, una haki 😄 Ila ndiyo, hilo nalisamehe.

Shabiki Sugu, umemleta Shakespeare mwenyewe, basi tumtazame. Richard III wake ana kibyongo, mkono uliokauka na roho nyeusi kuliko mkaa. Tamthilia ile iliandikwa miaka ya 1590 hivi, na aliyekuwa kwenye kiti ni Elizabeth I, mjukuu wa Henry VII, yule aliyemshinda Richard pale Bosworth tarehe 22 Agosti 1485 na kuchukua taji. Ukiandika chini ya mjukuu wa mshindi, unategemea aliyeshindwa awe nani?

Mwaka 2012 wakafukua maegesho ya magari mjini Leicester, wakampata. Uti wa mgongo ulipinda kweli, ugonjwa wa skoliosisi, bega moja juu ya jingine. Mkono uliokauka haukuwepo, mifupa ya mikono yote ilikuwa sawa. Zaidi ya miaka 400 waigizaji wamekuwa wakipanda jukwaani na mkono umekunjwa kifuani. Bila ule mkono na ile sura, wangapi leo wangelijua jina la mfalme aliyetawala miaka 2 tu? Hapo nakupa hoja yako. Lakini jina alilobaki nalo ni la muuaji wa watoto wawili wa kaka yake, kwa kosa ambalo mpaka leo wanahistoria wanabishania ushahidi wake.

Mlinzi wa Zamu

Naweka kambi hapa. Swali la haraka kwa wajuzi: kwenye The Tudors, Henry VIII ana dada mmoja anaitwa Margaret, anaolewa na mfalme mzee wa Ureno kisha anambana na mto mpaka anakufa. Kweli ilitokea??

Msoma Nyaraka

Haikutokea, na hiyo ni kali kuliko inavyoonekana.

Dada waliofika utu uzima walikuwa wawili. Margaret, mkubwa, aliolewa na James IV wa Uskoti mwaka 1503. Mary, mdogo, aliolewa na Louis XII wa Ufaransa mwaka 1514, mfalme mwenye miaka 52 na bibi harusi miaka 18. Louis alikufa tarehe 1 Januari 1515 bila mto wa mtu yeyote, na Mary akaolewa kwa siri na Charles Brandon, mtu aliyempenda.

Tamthilia imewachanganya wawili hao ikapata mmoja. Ukifuta ndoa ya Uskoti umemfuta Mary, malkia wa Waskoti, ambaye ni mjukuu wa Margaret. Ukimfuta Mary humpati mwanawe James VI, aliyerithi taji la Uingereza mwaka 1603 Elizabeth I alipokufa bila mtoto. Na familia ya kifalme ya Uingereza ya leo inashuka kutoka kwa huyo James. Wamerahisisha orodha ya waigizaji, wakakata mti waliokuwa wameukalia.

Bi Sindano

Na Henry mwenyewe amebaki mwembamba misimu yote minne! Deraya yake ya mwaka 1540 ipo, kiuno kinazidi sentimita 120. Mwigizaji kaongezewa ndevu tu.

Kalamu Kavu

Nimesoma kimya kimya, sasa niwaambie kinachotokea jikoni. Nimewahi kukaa kwenye chumba cha waandishi wa tamthilia ya aina hii. Haikuwa ya wafalme, ila ilikuwa ya watu waliowahi kuishi.

Ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja ya picha. Una kurasa 60 na mawaziri 14, na kila waziri alikuwa mtu halisi mwenye wajukuu. Mtazamaji hawezi kuwashika 14, anashika 3. Hao 11 wengine maneno yao yanahamia kwenye vinywa vya hao 3. Hatukai mezani kupanga uongo, tunapanga nani atabaki. Mkiona "Waziri fulani" anasema kitu ambacho hakukisema, mara nyingi kilisemwa kweli, na mtu mwingine.

Miaka nayo hubanwa. The King's Speech inaonyesha George VI, baba wa Elizabeth II, wakati huo bado Duke wa York, akianza matibabu ya kigugumizi kwa Lionel Logue katikati ya miaka ya 1930, taji likiwa linamnyemelea. Ukweli ni kwamba walianza mwaka 1926, na alipokwenda Canberra kufungua bunge mwaka 1927 tayari nafuu ilikuwa imeonekana. Ungeifuata kalenda ungepata filamu ya mtu anayepona polepole kwa miaka 10 na zaidi. Nani angeitazama? Tena mwandishi wake, David Seidler, hakuwa mzembe. Yeye mwenyewe alikuwa na kigugumizi utotoni. Alimwandikia Malkia Mama, mjane wa George VI, kuomba ruhusa, akajibiwa asubiri mpaka atakapokufa, maana kumbukumbu bado zinauma. Akasubiri. Mama yule alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 101. Filamu ikatoka 2010.

Kinachonikera mimi katika filamu hiyo ni Churchill. Wamemweka upande wa George, mshauri mwema anayemtia moyo. Desemba 1936 Churchill alikuwa anampigania Edward VIII asiondoke, mpaka wabunge wenzake wakamzomea alipojaribu kuomba muda zaidi. Kwa nini wamembadilisha? Haikuokoa dakika hata moja. Wamefanya hivyo kwa sababu mtazamaji anamjua Churchill wa 1940, waziri mkuu shujaa wa vita, na wameogopa kumwonyesha yuko upande ulioshindwa. Mwandishi akibana miaka namwelewa. Akiogopa kumshtua mtazamaji, huyo simwelewi.

Shabiki Sugu

Kalamu Kavu umenena. Lakini sasa Msoma Nyaraka kipimo chako kimepasuka mkuu. Churchill hapo hajasingiziwa, kasifiwa. Sifa ya uongo ruksa?

Nakuongezea na hii: The Young Victoria, 2009. Mtu anamfyatulia Malkia risasi garini, Prince Albert anajirusha mbele yake anajeruhiwa mkono. Mke wangu alilia. Nikaangalia baadaye: tarehe 10 Juni 1840, Edward Oxford, bastola mbili, hakuna aliyeguswa. Albert katoka mzima bila hata mkwaruzo. Ruksa au si ruksa?

Msoma Nyaraka

Swali zuri, na nalijibu hivi: sifa ya bure mara nyingine ina mtu anayeilipia, na mara nyingine haina. Ya Albert nani kalipa? Hakuna. Oxford alifyatua kweli, Albert alikuwa garini kweli. Umelia bure tu wewe na shemeji. Ya Churchill anailipa mtazamaji, anayeondoka akiamini kwamba wakubwa waliona mbele tangu mwanzo. Zipo nyingine ambazo bili yake ni kubwa zaidi, nitazirudia.

Mpita Njia

Wakuu mbona dunia yenu yote ni London? Tamthilia za kifalme zinazotazamwa na watu wengi hazitoki huko peke yake.

Uturuki, Muhteşem Yüzyıl, 2011 hadi 2014. Sultani Suleiman, mkewe Hürrem, na fitina za harimu, makao ya wanawake wa ikulu. Malalamiko zaidi ya 70,000 yalifika kwenye mamlaka ya utangazaji, mengi kabla watu hawajaona mengi. Novemba 2012 Erdoğan, wakati huo waziri mkuu, akasema hadharani kwamba babu zao hawakuwa kama wanaoonyeshwa humo, na kwamba Suleiman alitumia miaka 30 juu ya farasi. Si uongo kwamba alikuwa mtu wa vita. Alikufa mwaka 1566 akiwa vitani, wakati jeshi lake limeizingira ngome ya Szigetvár huko Hungaria. Lakini jioni alikuwa anashuka kwenye farasi, au vipi? Na barua za Hürrem kwake zipo mpaka leo, za mapenzi na za siasa kwa pamoja. Kwa hiyo harimu haikuzuliwa na televisheni.

India, Padmaavat, 2018. Vurugu, seti kuchomwa, vitisho, mpaka jina la filamu likabadilishwa kidogo. Watu wanapigania heshima ya malkia wa Chittor, mji uliozingirwa na Alauddin Khilji mwaka 1303. Malkia huyo anaonekana kwanza kwenye shairi la Malik Muhammad Jayasi la mwaka 1540. Zaidi ya miaka 230 baadaye! Yaani wanaidai filamu iwe kweli kwa shairi.

Bi Sindano

Hapo kwenye shairi nimecheka peke yangu.

Mlinzi wa Zamu

Na Wakorea? Mimi za Joseon sikosi.

Mpita Njia

Wakorea hawana kisingizio, kwa sababu wao wana kumbukumbu kuliko karibu ufalme wowote. Utawala wa Joseon uliweka maandishi ya kila siku kwa miaka 472, kuanzia 1392, na mfalme hakuruhusiwa kusoma yanayoandikwa juu yake. Mwaka 1404 Mfalme Taejong alikuwa anawinda, akaanguka kutoka kwenye farasi. Alipoinuka, jambo la kwanza alilosema ni kwamba mwandishi asijue. Mwandishi akaliandika anguko, na akaandika pia kwamba mfalme amesema mwandishi asijue 😂

Hata hivyo, angalia walichofanya na Dae Jang Geum, ile ya 2003. Jang-geum alikuwepo. Kumbukumbu zinamtaja mara kadhaa tu kama tabibu wa kike wa Mfalme Jungjong, aliyetawala 1506 hadi 1544, na kwamba alipewa zawadi kwa kazi yake. Utoto wake, jiko la ikulu, mashindano ya kupika, yule adui yake wa maisha, vyote ni vya watunzi. Sehemu 54 zimejengwa juu ya mistari michache. Na simsikii mtu analalamika.

Kalamu Kavu

Hawalalamiki kwa sababu pengo lilikuwa tupu. Hiyo ndiyo kazi tamu kuliko zote kwa mwandishi: mtu alikuwepo, alifanya jambo kubwa, na waliokuwa na kalamu hawakujali alikotoka. Pale huharibu kitu. Balaa linaanza pengo likiwa si pengo, yaani jibu lipo, limeandikwa, na wewe umelikataa kwa sababu halikupendezi.

Ndiyo maana mimi nawatetea wale wanaowakutanisha Elizabeth I na Mary wa Uskoti. Hawakuwahi kuonana hata siku moja. Mary alikimbilia Uingereza mwaka 1568, akawekwa kizuizini karibu miaka 19, akakatwa kichwa tarehe 8 Februari 1587. Schiller aliwakutanisha kwenye tamthilia yake ya mwaka 1800, Donizetti kwenye opera ya 1835, filamu ya 1971 ikawakutanisha, ya 2018 nayo ikawakutanisha kwenye nyumba ya dobi katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Miaka mia mbili waandishi wote wanaangukia mahali pamoja, hiyo si bahati mbaya. Jukwaa linadai wakutane.

Bi Sindano

Hapana Kalamu Kavu, hapo nakukatalia. Umesema sasa hivi balaa ni kulikataa jibu lililoandikwa. Jibu lipo: Elizabeth alikataa kumwona. Mary aliomba, akaomba tena, na mwenzake akawa anakwepa, kwa sababu angemwona uso kwa uso asingeweza kutia saini ile hati ya kumkata kichwa. Hiyo sababu naisema mimi, lakini kukwepa kwenyewe kumo kwenye barua. Mwanamke anayekataa kufungua mlango kwa miaka 19 ni tamthilia tosha. Nyie waandishi mmeufungua huo mlango kwa sababu mna waigizaji wawili ghali na mnataka waonekane kwenye picha moja.

Kalamu Kavu

Hilo la waigizaji ghali silikatai hata kidogo.

Msoma Nyaraka

Nimerudi na bili niliyoahidi. Nianze na vyanzo vyenyewe, maana tunaongea kana kwamba historia ni safi na televisheni ndiyo chafu.

Shaka Zulu, tamthilia ya Afrika Kusini ya mwaka 1986, Henry Cele akiwa Shaka. Ilitengenezwa na shirika la utangazaji la serikali ya ubaguzi wa rangi, na hadithi inapita kwenye macho ya wafanyabiashara wazungu waliofika kwake miaka ya 1820, hasa Henry Francis Fynn. Wengi wetu picha ya Shaka tuliyonayo kichwani ni ile. Sasa sikieni: mwaka 1832, mwenzake Fynn aitwaye Nathaniel Isaacs alimwandikia barua akimshauri kwamba katika maandishi yake awaonyeshe Shaka na Dingane, nduguye aliyemrithi, kuwa wamwaga damu kadiri awezavyo, kwa kuwa hilo lingesaidia kuuza kitabu. Barua ipo. Kwa hiyo mtengenezaji anayesema "tumefuata vyanzo" kuhusu Shaka anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa amebeba uongo wa mtu wa mwaka 1832. Shaka alikuwa mkali, hilo halina ubishi. Kiasi gani, hapo ndipo penye kazi, na Shaka iLembe ya 2023 angalau imejaribu kuanzia upande wa Wazulu wenyewe.

Sasa sifa. The Woman King, 2022, ufalme wa Dahomey, Afrika Magharibi, mwaka 1823. Wale askari wanawake, Agojie, walikuwepo kweli, na filamu imewatendea haki kwa namna ambayo sijaona kwingine. Lakini Mfalme Ghezo anaonyeshwa kama mtu anayeshawishika kuacha kuuza watumwa na kugeukia mafuta ya mawese. Ghezo huyo alitwaa kiti mwaka 1818 akisaidiwa na mfanyabiashara wa watumwa, Francisco Félix de Sousa, na akaendelea kuuza watu kwa miongo. Mkataba wa kuacha aliutia saini mwaka 1852, manowari za Waingereza zikiwa zimezuia pwani yake. Mawese yalikuja kweli, na mashambani walifanya kazi watumwa. Shabiki Sugu, uliniuliza nani analipia sifa ya bure. Hapa wamelipa waliokamatwa na hao hao askari na kupelekwa bandari ya Ouidah kuuzwa.

Shabiki Sugu

Hapo umenibana kidogo mkuu. Ila upande wa pili nao: miaka mingapi tumeletewa Waafrika kama waliofungwa minyororo tu? Mara moja tunapata majemadari wanawake weusi, wenye akili na mbinu, mnaleta karatasi. Braveheart ya 1995 ilichukua Oscar ya filamu bora, na humo William Wallace anampa mimba Isabella wa Ufaransa. Wallace aliuawa Agosti 1305, Isabella alikuwa na miaka kama 10, yuko kwao Ufaransa, ameolewa na Edward II mwaka 1308, na mwanawe Edward III kazaliwa Novemba 1312. Mimba ya miaka 7! Waskoti wanaiimbia filamu hiyo nyimbo. Kwa nini Ghezo ndiye asimamishwe mahakamani?

Msoma Nyaraka

Wote wasimamishwe. Na Braveheart imemtengenezea Edward III baba wa bandia, hiyo si ndogo.

Mpita Njia

Shabiki ana hoja ambayo isipite hivi hivi. Wenye filamu 40 za wafalme wao wanaweza kumudu moja ya uongo, nyingine itasahihisha. Wenye filamu moja, hiyo moja ndiyo inakuwa historia yao. Kwa hiyo mzigo wa Dahomey ni mzito zaidi, lakini aliyeutwika si mwandishi peke yake.

Bi Sindano

Mimi ninaowapenda ni wale wanaokuambia mapema kwamba wanakuchezea. The Great, ya Catherine wa Urusi, kichwani inajitangaza kwamba ni ya kweli mara chache. Humo Peter III ni mtoto wa Peter Mkuu, kumbe ni mjukuu. Nani kadanganyika? Marie Antoinette ya 2006, kati ya viatu vya hariri kuna jozi ya raba za Converse. Nikiziona naelewa kwamba naangalia binti wa miaka 14 aliyepelekwa ugenini kuolewa, na sidai tena kila kifungo kiwe sahihi.

The Favourite nayo: Malkia Anne ana sungura 17 chumbani, mmoja kwa kila mtoto aliyempoteza. Sungura ni wa kutunga. Mimba 17 ni za kweli, na hakuna mtoto hata mmoja aliyefika utu uzima. Ningesoma "mimba 17" kitabuni ningepita. Wale sungura sijawasahau. Ila mumewe, Prince George wa Denmark, ameondolewa kabisa wakati alikuwa hai mpaka 1708. Hilo sikulipenda, kwa sababu walipendana.

Mlinzi wa Zamu

Basi si waweke tu maandishi mwanzoni kwamba "hii ni ya kubuni"? Mjadala uishe.

Kalamu Kavu

Walishaombwa. Mwaka 2020 waziri wa utamaduni wa Uingereza aliitaka Netflix iweke tahadhari kwenye The Crown, wakakataa. Oktoba 2022 Judi Dench akaandika barua kwenye gazeti la The Times akidai jambo hilo hilo, na kionjo cha msimu wa 5 kikatoka na maelezo kwamba ni tamthilia ya kubuni. Mimi nilitabasamu kidogo, kwa sababu mama huyo ameshaigiza Malkia Victoria mara mbili na Elizabeth I mara moja, na sikumbuki tahadhari yoyote. Lakini tofauti naiona: Victoria hana mtoto aliye hai wa kufungua runinga.

Maandishi hayo hayasaidii sana. Queen Charlotte ya 2023 inaanza kwa sauti inayosema wazi kwamba hili si somo la historia. Bado watu wametoka wanaamini ugonjwa wa akili wa mumewe, George III, ulikuwa umemvaa tangu siku ya harusi, mwaka 1761. Lile shambulio kubwa lilikuja 1788, baada ya miaka 27 ya ndoa na watoto wote 15. Sauti ya dakika moja haiwezi kushindana na saa 6 za picha nzuri.

Mlinzi wa Zamu

Sawa, mmenikatisha tamaa ya kutosha. Nipeni basi moja ya wakati wa Henry VIII ambayo nikitazama sitadanganywa.

Kalamu Kavu

Moja hakuna, chukua mbili uzitazame mfululizo. A Man for All Seasons ya 1966, halafu Wolf Hall ya 2015. Watu ni wale wale, ikulu ile ile, miaka ile ile. Wote wawili ni mawaziri wa Henry: ya kwanza Thomas More ni mtakatifu na Thomas Cromwell ni nyoka. Ya pili Cromwell ndiye mwenye moyo, More ni mtu mkavu anayetisha.

Shabiki Sugu

Na nani mkweli?

Msoma Nyaraka

Sita walichomwa moto kwa uzushi wa dini More alipokuwa Lord Chancellor, yaani mkuu wa sheria wa mfalme, 1529 hadi 1532, na ile ya 1966 haiwaonyeshi. Cromwell naye ndiye aliyeendesha kesi ya Anne Boleyn, mke wa Henry, iliyopeleka wanaume watano kwenye shoka mwaka 1536, na Wolf Hall hailifichi hilo, ila inakufanya ukae upande wake wakati analifanya. Anza na ya zamani, Mlinzi. Ukianza na Cromwell hutaweza tena kumpenda More.

Mlinzi wa Zamu

Naanza wikiendi hii. Bi Sindano, nywele zimefungwa humo?

Bi Sindano

Wolf Hall zimefungwa. Na usiku wanatumia mishumaa kweli, kwa hiyo ongeza mwanga wa runinga usije ukadhani imeharibika.